Chupa ya bia ya pipa: uilaze muda gani kabla ya kuifungua

Kila Novemba ikikaribia kuisha, inapotoka bia ya pipa iitwayo Bourbon County, simu yangu haitulii. "Kaka, nimepata ile Bourbon County, niifungue lini?" Mwingine yuko Minneapolis, bosi wake kampa chupa ya Krismasi. Mwingine yuko Dar, kaletewa kwenye begi, imefungwa ndani ya suruali ya jinzi. Swali ni lile lile kila mwaka, na jibu langu limekuwa refu kuliandika kwenye meseji kila mara. Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwa asiye na muda wa kusoma: stauti kali, yaani bia nyeusi nzito, iliyokaa kwenye pipa la wiski, yenye kilevi cha asilimia 12 mpaka 15, ikikaa mahali pa baridi na giza, inywe kati ya mwaka mmoja na mitatu. Mitano ndiyo mwisho kwa chupa nyingi. Kama ina kahawa, usingoje. Kama iko Dar juu ya kabati, ifungue wikendi hii.

Mwenye muda tuendelee.

Bia gani tunayoizungumzia

Ni bia nzito ambayo kiwanda, kikishaichachusha, huimimina kwenye pipa la mbao lililotoka kubeba wiski na kuiacha humo miezi minane, kumi, hata mwaka na zaidi. Mapipa mengi ni ya burboni, wiski ya Kimarekani, na sababu yake ni ya kisheria: Marekani inataka burboni ikae kwenye mwaloni mpya uliounguzwa kwa ndani. Burboni ikishatoka, pipa lile halirudii kazi hiyo, basi linauzwa. Moja linachukua kama lita 200, na mbao zake bado zimelowa wiski.

Goose Island wa hapa Chicago ndio walioufanya mtindo huu ujulikane, walipoanza kutengeneza Bourbon County miaka ya 1990. Mpaka leo hutoka Ijumaa inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, watu wakiwa kwenye foleni na makoti mazito tangu kabla ya alfajiri. Founders wa Grand Rapids, Michigan, wana KBS, yenye kahawa na chokoleti. Waingereza nao wana J.W. Lees wa Manchester: Harvest Ale yao hupikwa mara moja kwa mwaka tangu 1986, na sehemu yake hulazwa kwenye mapipa yaliyotoka kubeba sheri au port, ambazo ni mvinyo mkali, au wiski ya Lagavulin.

Kilimanjaro, Tusker, Primus na jamaa zake hazimo humu. Hizo zimetengenezwa zinywewe mapema, na ukiziweka miaka miwili utapata bia iliyochakaa, basi.

Naelewa kwa nini jambo lenyewe linatushangaza. Sisi tumekulia kwenye pombe zisizongoja mtu. Mnazi ulioteremshwa asubuhi jioni umeshakuwa mkali, na kesho yake unaelekea kwenye siki. Mbege ya siku ya nne unamwachia aliyeipika. Kuweka bia miaka mitatu ni mchezo wa watu wenye nyumba za vyumba vya chini ya ardhi, mahali ambapo ubaridi ni wa bure. Hapo ndipo penye ugumu wetu, na hatua ya 5 nimeirefusha kwa sababu hiyo.

Kabla hatujaanza, shika hili: bia hii imeshazeeshwa. Hiyo ndiyo kazi ya pipa. Mpishi ameionja akaona imefika, ndipo akaitia kwenye chupa. Wewe nyumbani unaisogeza kidogo tu, makali yashuke na ladha zikae pamoja. Mimi nimeona chupa nyingi zilizokufa kwa kungojewa kuliko zilizofunguliwa mapema mno.

Vitu vya kuwa navyo

- Chupa tatu za bia ile ile, za mwaka ule ule. Mbili zinatosha. Kama unayo moja tu, nenda moja kwa moja hatua ya 3.
- Mahali pa baridi, giza na utulivu. Kwa wengi wetu hilo ni friji.
- Kipimajoto cha ukutani, kile cha bei ya chini.
- Selotepu ya karatasi na kalamu ya wino usiofutika.
- Boksi la kadibodi lenye vigawanyo, kama yale ya chupa za mvinyo. Maduka ya vinywaji huyatupa, waombe.
- Daftari. Usitegemee kichwa, baada ya miaka miwili hutakumbuka chochote, na ukishakunywa ndiyo kabisa.
- Glasi ndogo zenye tumbo, na watu wawili watatu wa kunywa nao. Hili la watu ni la lazima, nitaeleza.

Hatua ya 1: Soma lebo yote, pande zote

Tafuta mambo manne. Kwanza, kiasi cha kilevi. Chini ya asilimia 10 usiilaze zaidi ya mwaka, hata kama imepita kwenye pipa. Haina nguvu ya kujilinda. Pili, mwaka au tarehe ya kutiwa kwenye chupa. Ukiinunua kwenye duka lisilouza sana, huenda imeshakaa rafuni miaka miwili chini ya taa, na miaka hiyo inahesabika. Tatu, vilivyoongezwa: kahawa, vanila, nazi, matunda, pilipili. Nne, neno la kiwanda chenyewe. Bourbon County, kwa mfano, huandikwa kwamba yaweza kuendelea kubadilika ndani ya chupa mpaka miaka 5. Wanasema mpaka mitano. Mtu akikusimulia habari za miaka 15, mwonyeshe lebo.

Kosa la wanaoanza: wanaona mwaka mkubwa kwenye chupa wanadhani ni kama gari, kadiri lilivyo jipya ndivyo lilivyo bora, au kinyume chake, kama ardhi, kadiri unavyokaa nayo ndivyo inavyopanda bei. Bia si gari wala kiwanja. Inapanda kidogo, inakaa juu kwa muda, kisha inashuka, na ikishashuka hairudi.

Hatua ya 2: Ijue aina yako, ndipo uhesabu miaka

Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana wanasikia "bia ya pipa" wanaziweka zote kapu moja.

Stauti tupu, isiyo na nyongeza, asilimia 12 hadi 15: mwaka 1 hadi 3 ndio wakati wake mzuri. Kati ya 3 na 5 inageuka kuwa kitu kingine, kitamu kwa wapendao tende na mvinyo wa sheri, ila mwili wake unaanza kuwa mwepesi. Baada ya mitano unacheza bahati nasibu.

Stauti yenye kahawa: inywe ndani ya miezi sita, ikizidi sana mwaka. Harufu ya kahawa ndiyo ya kwanza kukimbia, na inapokimbia haiagi vizuri. Huacha harufu ya pilipili hoho mbichi. Hili nimelilipia mwenyewe. Nililaza chupa mbili za stauti ya kahawa miaka mitatu nikijiona mjanja, siku ya kuzifungua tukanusa kachumbari.

Yenye vanila, kakao au nazi: mwaka mmoja, miwili ikizidi. Nazi hufifia mapema kuliko vanila, na mafuta yake yanaweza kuvunda.

Yenye matunda: mwaka wa kwanza. Baada ya hapo rangi na harufu ya tunda hupotea, unabaki na uchachu bila tunda.

Eli (ale) nzito ya Kiingereza, ile waiitayo mvinyo wa shayiri (barley wine), kama Harvest Ale: hii ndiyo mvumilivu kuliko zote. Haina ukali wa shayiri iliyounguzwa, ina utamu mwingi wa kimea, na utamu huo hugeuka tofi, zabibu kavu na tini. Miaka 3 hadi 8 ni kawaida. Harvest Ale za miaka 10 na kuendelea watu huzinywa na kuzifurahia, zikiwa zimekaa mahali pazuri. Kama kweli umedhamiria kulaza kitu kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa mwaka huu, laza hii, iache stauti.

Bia za pipa zenye uchachu wa makusudi, kama lambiki za Ubelgiji, zina kanuni zao. Usitumie mwongozo huu kwa hizo.

Hatua ya 3: Fungua moja sasa hivi

Ndiyo, sasa. Usipoonja ikiwa mpya, utajuaje kama imeboreka? Huna cha kulinganisha nacho. Onja, andika. Kama inachoma koo mithili ya gongo na ladha zake zinagombana, ina sababu ya kulazwa. Kama ni tamu leo, imetulia, huoni kasoro, basi huna haja ya kulaza nyingine ila kwa udadisi.

Na kama unayo chupa moja tu? Inywe ndani ya mwaka. Chupa moja haikufundishi kitu. Ukiilaza utakuwa unanywa mashaka.

Hatua ya 4: Iandike

Kata kipande cha selotepu ya karatasi, ubandike shingoni, uandike mambo mawili: siku uliyoipata na siku ya kuifungua. Hiyo ya pili ndiyo muhimu. Chupa isiyo na siku ya kufunguliwa haifunguliwi kamwe. Kila sikukuu inaonekana si kubwa ya kutosha. Najua mtu aliyeingoja harusi yake, harusi ikafika akaona wageni wengi chupa moja, akaingoja ubatizo. Mtoto sasa yuko darasa la tatu.

Hatua ya 5: Tafuta mahali

Unahitaji nyuzijoto 10 hadi 13, giza, na joto lisilopanda na kushuka. Ukikosa hayo, chagua baridi zaidi kuliko joto zaidi.

Joto ndilo linaloendesha saa ya bia. Wanakemia wana kanuni yao ya makadirio: joto likipanda kwa nyuzi 10, mabadiliko ya kikemia huenda mbio mara mbili hadi tatu. Ichukue chupa ambayo ingehitaji miaka mitatu kwenye nyuzi 12, iweke kwenye nyuzi 30. Hesabu inakuambia imeshafika baada ya miezi mitano hadi kumi, na baada ya hapo ni kuteremka. Tena haifiki mahali pale pale. Joto huzivuta mbele ladha mbaya kuliko nzuri.

Shemeji yangu wa Tabata nilimpelekea chupa moja nikamwambia aihifadhi. Akaihifadhi kwelikweli: juu ya kabati la jikoni, kwa sababu pale watoto hawafiki. Chini yake kuna jiko la gesi. Ikakaa miaka miwili inapigwa na mvuke wa maharage. Nilipokwenda likizo akaishusha kwa heshima zote, akaipangusa vumbi na mafuta kwa kanga, akafungua. Akamimina, akanusa, akanywa funda moja, akaishika glasi mbele ya taa.

"Shem, hii ya kunywa au ya kuchovyea sambusa?"

Hakutania. Ilinuka sosi ya soya na supu ya mifupa. Hiyo ni hamira iliyokufa ndani ya chupa ikaiva kwa joto. Dada akaichukua chupa akaiweka karibu na siki jikoni. Sijui kama waliitumia.

Basi, kulingana na unapoishi:

Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, Bujumbura na kokote kwenye joto la namna hiyo: friji, hakuna njia nyingine. Chumba chenye kiyoyozi hakifai, kwa sababu unakizima ukitoka. Friji la kawaida liko nyuzi 4 hivi. Bia itazeeka polepole sana, na hilo halina ubaya. Iweke nyuma kabisa, chini, karibu na mboga. Usiiweke mlangoni, maana kule inatikiswa na kupashwa kila mtoto anapotafuta maji. Friji dogo la mvinyo, lile la kuseti nyuzi 12, ni starehe kubwa kama uwezo upo.

Nairobi, Arusha, Mbeya, Njombe, Lushoto: mna bahati. Nairobi mwezi wa Julai, sakafu ya kabati lililo upande usiopigwa na jua inakaribia kabisa kuwa chumba cha chini ya ardhi cha Mzungu. Januari na Februari ndiyo ya kuangalia. Weka kipimajoto ndani ya kabati, kisome kwa wiki mbili kabla ya kuamini. Kikizidi 20 mara kwa mara, hamishia kwenye friji.

Walioko Marekani Kaskazini na Ulaya: chumba cha chini ya ardhi, kwenye kona iliyo mbali na tanuri la kupashia nyumba. Chumba kile kile kina kona ya nyuzi 13 na kona ya nyuzi 25, nimepima changu. Ukiishi ghorofani, chini ya kabati la nguo kwenye ukuta wa nje panafaa. Gereji haifai: Januari inagandisha, Julai inachemsha.

Na umeme ukikatika? Friji lililofungwa hushika ubaridi kwa saa kama nne. Kukatika kwa jioni moja si kitu. Mgao wa siku nzima mara tatu kwa wiki, huo unahesabika, punguza miaka.

Kuna uzushi mmoja unaonisumbua: eti bia ikishapata baridi, ikapata joto, ikarudi kwenye baridi, imeharibika. Si kweli. Kupoa na kupata moto mara moja hakuui bia. Kinacholeta ile harufu mbaya ya kicheche ni mwanga, hasa kwenye chupa za kijani na nyeupe, pale mwanga unapopiga uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia. Chupa za kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ila hazizuii wote. Ndiyo maana tunataka boksi.

Hatua ya 6: Isimamishe

Tunasema "kulaza" bia, lakini chupa isimame wima. Mvinyo hulala kwa sababu kizibo chake ni cha gamba la mti, kinahitaji kulowana kisikauke. Kizibo cha bati hakihitaji hilo. Bia ikisimama, sehemu inayogusana na hewa iliyobaki shingoni ni ndogo, na mashapo hutulia chini badala ya kujipaka ubavuni. Hata zile chache zenye kizibo cha gamba la mti, kwa miaka mitatu minne zisimamishe tu.

Nta ya rangi iliyomwagwa juu ya kizibo ni pambo zaidi kuliko kinga. Usiongeze miaka kwa ajili yake.

Hatua ya 7: Panga siku za kufungua

Kwa chupa tatu za stauti tupu: ya kwanza sasa, ya pili baada ya mwaka mmoja, ya tatu mwaka wa tatu. Chagua mwezi wa baridi kama unao. Bia ya asilimia 14 haina raha kwenye joto la Februari.

Ile ya mwaka wa kwanza ndiyo mwalimu. Ikiwa imeboreka, mwache mwenzake aendelee. Ikiwa iko vile vile, mwache. Ikiwa imeshuka hata kidogo, usimngoje, mfungue mwezi huo huo. Watu hufanya kinyume: wanaonja ya pili, wanaiona imechoka, wanasema labda ya tatu itapona. Haitapona.

Hatua ya 8: Fungua na umimine vizuri

Itoe kwenye friji dakika 40 kabla. Najua tumezoea kumwambia mhudumu "baridi sana", na wapo wanaosema "nipe ya moto" wakimaanisha isiyotoka kwenye friji. Hii iko katikati: nyuzi 12 hadi 14. Ikiwa baridi sana haina harufu, ikiwa ya joto inanuka spiriti tupu. Kamwe usiharakishe kwa friza. Ukiisahau itaganda na kupasua chupa.

Mimina polepole, glasi ikiwa imeinama, na uache kidole kimoja cha mwisho ndani ya chupa. Hayo ni mashapo. Hayana sumu, yanatia ukungu na uchungu tu.

Glasi isizidi mililita 150. Piga hesabu: chupa ya nusu lita yenye asilimia 14 ina mililita 70 za kilevi kitupu. Bia ya kawaida ya nusu lita, ya asilimia 5, ina 25. Kwa hiyo chupa moja hii inakaribia bia tatu, na inashuka kooni kama uji wa chokoleti, hujui umekunywa nini mpaka usimame. Ndiyo maana nikasema uwe na watu. Funguo za gari ziwe mezani kwa asiyekunywa.

Hatua ya 9: Onja na uandike

Andika mistari minne tu: harufu, ladha, uzito mdomoni, na kama ungependa ingefunguliwa mapema au baadaye. Tumia maneno ya jikoni kwako. Wazungu wataandika plamu na molasi. Mimi daftari langu lina sukari guru, kashata iliyoungua, tende za Ramadhani, ukwaju, moshi wa kuni.

Majira ya baridi yaliyopita tulifungua mbili pamoja, ya mwaka ule na ya miaka mitatu nyuma, glasi kando kwa kando. Ile mpya ilikuwa na povu la kahawia kama crema ya kahawa, ikanuka nazi ya kukaangwa na vanila, na funda la kwanza likateremka na moto mpaka kifuani. Ile ya miaka mitatu povu lake lilikuwa utepe mwembamba pembeni ya glasi. Moto haukuwepo. Kulikuwa na tende, zabibu kavu, mbao za sanduku la zamani, na utamu uliokaa ulimini muda mrefu. Tulikuwa watu wanne. Wawili waliipenda mpya, wawili ya zamani, na tukabishana mpaka pilau likapoa.

Ukikutana na matatizo

*Inatoa povu jingi ikifunguliwa, inamwagika mezani.* Kama haikutikiswa wala si ya moto, huenda kuna vijidudu vilivyoendelea kula sukari ndani. Onja kidogo; ikiwa chachu, iache. Na zile zake zilizobaki zifungue mapema, juu ya sinki, maana gesi ikizidi chupa inaweza kupasuka.

*Ni chachu kama siki au mtindi, na haikutakiwa kuwa hivyo.* Bakteria. Hata wakubwa yamewapata: Goose Island walitangaza hadharani kwamba sehemu ya Bourbon County ya 2015 ilikuwa na bakteria aitwaye Lactobacillus acetotolerans, wakarudishia wateja pesa, na kuanzia toleo la 2016 wakaanza kuipitisha kwenye joto la kuua vijidudu kabla haijatoka. Kwa hiyo mtu akikuuzia ya 2015 kwa bei ya dhahabu, uliza kwanza. Ugonjwa huu muda hauuponyi.

*Inanuka kadibodi iliyolowa.* Hewa imeingia. Kila kizibo huvujisha hewa kidogo kidogo, na joto linaongeza kasi ya uharibifu. Ikiwa harufu ni hafifu, iache kwenye glasi dakika kumi, wakati mwingine sheri na tofi huifunika. Ikiwa ndiyo harufu ya kwanza, imekwisha.

*Inanuka sosi ya soya.* Umeshasoma habari za Tabata. Itumie kwenye nyama ya kuchemsha. Kwa ng'ombe wa saa tatu inafaa kabisa, sikutanii.

*Haina gesi.* Si ugonjwa. Bia za namna hii huwa na gesi kidogo tangu mwanzo, na hupungua na miaka. Ikiwa ladha iko sawa, kunywa. Ikiwa haina gesi na ina kadibodi pamoja, kizibo hakikukaza.

*Imesafiri kwenye begi na nimeipokea leo.* Iache isimame kwenye friji wiki mbili mashapo yatulie. Na kwa atakayesafirisha: chupa zote ziende kwenye begi la chini ya ndege, kila moja ndani ya soksi, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha katikati ya nguo. Wamarekani hawaweki kikomo kwa kinywaji kisichozidi asilimia 24 kwenye begi hilo, lakini forodha ya unakoshukia ina masharti yake. Yaulize kabla hujafunga begi.

*Mama mkwe anaishi nasi na hataki kuona chupa kwenye friji la chakula.* Hili nimeulizwa mara tatu na watu watatu tofauti. Boksi la kadibodi lililofungwa, halina maandishi, chini kabisa nyuma ya kabichi. Akiuliza, mwambie ukweli. Usimwambie ni dawa, ataimimina.

*Nta imekuwa ngumu, kizibo hakionekani.* Usiipashe kwa kiberiti, utaipasha na bia. Chukua kisu kidogo, pitisha chini ya ukingo wa kizibo kuzunguka shingo yote, kisha ingiza opena na uinue taratibu, nta itavunjika na kizibo pamoja. Pangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa kibichi kabla ya kumimina, vipande vidogo vya nta vina tabia ya kuishia kwenye meno ya mgeni.